Maili Gani, Mkono wa Nani: Ushauri kwa Wapimao Nchi Kavu na Baharini

Upande wa kusini wa Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wakaazi wengi wa Mji Mkongwe bado wanaiita Creek Road, ipo nguzo fupi ya pembe nane. Imejengwa kwa marumaru yaliyotolewa kwenye kasri ya Chukwani, na imeandikwa masafa ya kutoka mjini kwenda sehemu mbalimbali. Chwaka ni maili 20. London ni maili 8,064. Wapitao huisoma, hustaajabu kuiona London imetajwa pale, kisha hushika njia yao. Namwomba kila atakayepita tena asimame kidogo ajiulize: hizi ni maili gani?

Maili ya nchi kavu ni mita 1,609. Kwa maili hiyo Chwaka inakuwa kilomita 32, na barabara inakubali. Lakini safari ya London zama zile ilikuwa ya meli, na watu wa meli wana maili yao, ambayo ni mita 1,852. Ukiihesabu 8,064 kwa maili ya nchi kavu unapata kilomita 12,978. Ukiihesabu kwa maili ya bahari unapata kilomita 14,935. Baina ya jawabu hizo mbili zimekaa karibu kilomita 2,000, na hakuna kosa lolote la kuzidisha lililofanyika.

Ndiyo maana sitaanza na majedwali. Kuzidisha na kugawa mtoto wa skuli anakuweza, na simu yako inakuweza zaidi yake. Kazi yenyewe hutangulia hesabu: kujua kipimo ulichopewa ni kipi hasa, alikipima nani, na kwa shughuli gani. Watu wa Unguja tuna sababu kubwa kuliko wengi ya kuuliza hivyo, kwani kisiwa chetu kimepimwa kwa mikono ya wenyewe, kwa dhiraa za Waarabu, kwa futi na minyororo ya Waingereza na kwa mita za leo, na hakuna kipimo kilichoondoka kabisa mwenziwe alipofika.

Tuanze na mwili, maana ndiko walikoanza wazee. Shubiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shubiri mbili ni mkono mmoja, ambao wengine huuita dhiraa. Mikono miwili ni wari. Mikono minne ni pima, yaani urefu wa mikono yote miwili ikinyooshwa kulia na kushoto. Biashara ya nguo ilipokutana na vipimo vya Kiingereza, vikasawazishwa hivi: shubiri inchi 9, mkono inchi 18, wari inchi 36 ambazo ni yadi, na pima futi 6. Kwa mita, shubiri ni sentimita 22.9, mkono 45.7, wari 91.4, na pima ni mita 1.83. Ukikuta katika maandishi ya zamani kwamba msafara uliondoka pwani na doti kadhaa za merikani, jua kwamba doti moja ilikuwa mikono 8, sawa na mita 3.66 za kitambaa. Doti ya kanga ya leo ni jambo jingine. Hiyo ni jozi, wala usiitumie kupimia urefu.

Hayo ni ya dukani. Nje ya duka mkono ni wa mwenye mkono, na hapa ndipo penye hatari ya kwanza. Mkono kamili huanzia kwenye kiwiko ukaishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Mkono konde huanzia hapo hapo kwenye kiwiko ukaishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Baina yao kuna kama sentimita 10, kutegemea vidole vya mtu. Fundi wa Nungwi akikwambia mkuku wa mashua ni mikono 14, nawe ukaandika mita 6.4, umedhani kwamba amepima kwa mkono kamili, na kwamba mkono wake una sentimita 45.7. Huenda vyote viwili ni kweli. Huenda kimoja si kweli. Usimwulize kwa maneno tu. Mwombe akuoneshe juu ya mbao, kisha uweke futi kamba pale alipoanzia na pale alipoishia. Mafundi hawachukii kuulizwa hivyo, wanachochukia ni mtu wa kuandika asichokiona.

Nasaha yangu kwa kila mwenye kazi ya bahari, ujenzi au shamba ni kuujua mwili wake kwa tarakimu. Chukua futi kamba ya chuma, si ile ya kitambaa ya mshoni inayonyumbuka. Pima shubiri yako, mkono wako kamili, mkono konde, pima yako na hatua yako ya kawaida. Hatua usiipime moja peke yake. Tembea hatua 50 kama unavyotembea siku zote, pima masafa yote, kisha ugawe kwa 50. Ziandike tarakimu hizo pahala usipopapoteza. Tangu hapo ukifikwa na haja ya kupima njiani na huna kifaa, unacho.

Dhiraa ina mlango mwingine ambao Waislamu wengi wa hapa wameuzoea bila kuutazama kwa jicho la vipimo. Katika vitabu vya fiqhi ya madhehebu ya Shafi, maji ya qullatain, yaani kiwango ambacho maji huanza kuhesabiwa kuwa mengi, hukadiriwa kuwa yale yanayojaza chombo chenye urefu, upana na kina cha dhiraa moja na robo kila upande. Ukichukua dhiraa ya sentimita 48, kila upande unakuwa sentimita 60, na maji ni lita 216. Ukichukua dhiraa ya dukani ya sentimita 45.7, upande ni sentimita 57 na ushei, na maji ni kama lita 187. Tazama tofauti ndogo ya sentimita mbili na kidogo ilivyozaa lita 29, kwa kuwa imezidishwa mara tatu. Anayejenga birika la msikiti amwulize sheikh ni kadiri gani inayofuatwa, kisha alijenge kubwa kuliko hiyo. Na somo la hesabu linabaki vilevile kwa tangi la nyumbani: kosa la urefu huongezeka maradufu kwenye eneo, na huongezeka mara tatu kwenye ujazo.

Baharini pima ndiyo mizani ya roho za watu. Mabaharia walitupa bildi, kamba yenye risasi nchani, wakahesabu pima hadi chini. Wengi bado wanafanya hivyo kwa kamba yoyote na kipande cha chuma, na ni jambo jema, kwani chombo cha umeme huzimika na kamba haizimiki. Lakini kamba ile imepimwa kwa mikono ya nani? Urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa hukaribia kimo cha mtu. Mtu wa mita 1.65 akipima kamba kwa mikono yake, pima zake 10 ni mita 16.5, hali pima 10 za ramani ni mita 18.3. Kwenye maji ya kina kirefu hilo halina dhara. Kwenye mlango wa maji wenye miamba, ambako mkuku unapita juu ya jiwe kwa shubiri chache, kila sentimita ina thamani. Kwa hiyo funga mafundo ya kamba yako kwa futi kamba, kila mita 1, na fundo la pili la rangi nyingine kila pima ya futi 6 ukipenda kubaki na pima. Ulowanishe kamba kwanza, uivute, ndipo uipime, maana kamba kavu na kamba iliyorowa hazina urefu mmoja.

Kuna njia nyepesi ya kichwani: pima zidisha kwa 11, gawa kwa 6, upate mita. Pima 12 ni mita 22. Ukitoka kwenye mita kwenda kwenye pima, zidisha kwa 6, gawa kwa 11. Kosa lake ni dogo mno kwa kazi yoyote ya chombo.

Sasa jambo ambalo ningependa kila nahodha na kila kijana anayejifunza uongozaji wa watalii kwenda Mnemba, Chumbe au Fungu la Nyange alishike kwa mikono miwili. Ramani za zamani za bahari yetu, zilizochorwa na wapimaji wa Uingereza, ziliandika kina kwa pima na futi. Ramani mpya huandika kwa mita. Katika zote mbili utakuta tarakimu kubwa na pembeni yake, chini kidogo, tarakimu ndogo. Tuseme umekuta 4 kubwa na 2 ndogo. Kwenye ramani ya pima, hiyo ni pima 4 na futi 2, jumla futi 26, ambazo ni mita 7.9. Kwenye ramani ya mita, alama ile ile ni mita 4 na sehemu 2 za kumi, yaani mita 4.2. Aliyezoea ramani ya babu yake akaazimwa mpya anaweza kuamini ana karibu mita 8 za maji pale zilipo 4 tu. Kabla ya kusoma tarakimu hata moja, soma kichwa cha ramani, hapo kipimo kimetajwa. Ramani za mita kwa kawaida zina rangi, nchi kavu ikiwa ya manjano iliyofifia, na zile za pima nyingi hazikuwa na rangi hiyo. Lakini usitegemee rangi. Nakala zilizochapwa kwa nyeusi na nyeupe huondoa rangi zote.

Na kina kilichoandikwa si kina cha saa hii. Ni kina cha maji yakiwa yamepwa sana. Kwetu bamvua hupandisha na kushusha maji kwa kama mita 4, hivyo pahala palipoandikwa mita 2 panaweza kuwa na karibu mita 6 maji yakijaa. Jumlisha kina cha ramani na kimo cha maji cha jedwali, lakini kwanza hakikisha vyote viwili vimo katika kipimo kimoja. Mwenye jedwali la zamani la futi na ramani mpya ya mita, akijumlisha 2 na 12 akapata 14, hana maji ya mita 14. Futi 12 ni mita 3.7, na jumla yake ni 5.7.

Turudi kwenye maili, kwani maneno yake hayajesha. Maili ya bahari ilikubaliwa kuwa mita 1,852 kamili katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Monaco mwaka 1929. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na maili yao ya bahari ya futi 6,080, ambayo ni mita 1,853.2, na ramani zao za zamani zinaifuata. Tofauti ya mita moja na kidogo isikusumbue. Kinachofaa kujulikana ni chanzo chake: maili ya bahari ni dakika moja ya latitudo, na dunia haikuviringana sawasawa, kwa hiyo dakika hiyo si moja kila pahala. Hapa kwetu, digrii 6 kusini mwa ikweta, ni mita 1,843. Mita 1,852 ni wastani wa dunia nzima. Ukipima masafa kwenye ramani kwa bikari, ilinganishe na vipimo vya latitudo vya pembeni, kulia au kushoto, wala usiilinganishe na vile vya juu na chini. Unguja mtu anaweza kukosea akasalimika, maana dakika ya longitudo hapa ni kama mita 1,845, karibu sawa. Baharia wetu akiajiriwa kwenye meli za Ulaya ataikuta dakika ya longitudo kwenye latitudo ya London ni mita 1,157 tu. Bora ajifunze desturi njema nyumbani, kabla kosa halijawa ghali.

Maili kumi ndizo zilizowahi kukata nchi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mipaka ya milki ya Sultan Barghash bara: ukanda wa mwambao kutoka Ghuba ya Tunghi kusini hadi Kipini kaskazini, wenye kina cha maili 10 kuingia ndani. Watu wengi, hata wanaoandika, huzigeuza maili hizo kuwa kilomita 16. Mkataba ulitaja maili za bahari. Kumi hizo ni kilomita 18.5. Karibu kilomita 2 na nusu za upana, kwa urefu wa pwani yote ile, si kitu cha kupoteza kwenye kuzidisha. Anayeandika historia ya Mwambao, au wakili anayefuatilia hati za zamani za huko Kenya ambako ukanda huo ulibaki kisheria ni wa Sultan hadi 1963, na azingatie hilo kabla hajatandika rula juu ya ramani.

Mabaharia wa Kiarabu wa karne ya 15, akiwemo Ahmad ibn Majid aliyeandika juu ya njia za bahari yetu, hawakuhesabu kwa maili hizi. Walipima kimo cha nyota kwa vidole, duara zima likiwa vidole 224. Kwa hesabu hiyo kidole kimoja ni kama maili 96 za bahari. Kidole kiligawanywa kwa zam 8, kila zam ikiwa mwendo wa saa 3, hivyo zam moja ni maili 12, na chombo kinakwenda maili 4 kwa saa. Mwendo huo ni wa kweli kabisa kwa jahazi lenye upepo wa wastani. Msomaji wa maandishi yao azichukue tarakimu hizi kwa makadirio, wala asitie nukta za desimali kwenye kipimo kilichoshikwa kwa mkono juu ya mawimbi.

Kwa mambo ya kila siku: maili ya nchi kavu zidisha kwa 8 ugawe kwa 5. Maili ya bahari izidishe mara mbili kisha utoe asilimia 7 ya jawabu. Changuu kutoka mjini utaambiwa na mmoja ni maili 3, na mwengine atasema maili 3 na nusu, na wote wawili wamesema kweli, kwani ni kama kilomita 5 na nusu, wa kwanza amehesabu kwa maili ya bahari na wa pili kwa ya nchi kavu. Mwendo wa chombo huhesabiwa kwa noti, noti 1 ikiwa maili 1 ya bahari kwa saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, kifaa chako chenye kuonesha noti kitasoma kama 21 na nusu. Kijana anayesubiri kuona 40 kwenye kifaa ndipo arudi pwani amekwisha chelewa zamani. Noti 40 ni kilomita 74 kwa saa, na kwa upepo huo ngalawa haina la kufanya.

Nchi kavu vipimo haviui, lakini hugombanisha ndugu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa ardhi kwa wananchi eka tatu tatu, na leo wajukuu wanazigawana. Eka moja ni mita za mraba 4,047, na tatu ni 12,141. Wapimaji waliotumia vipimo vya Kiingereza walikuwa na mnyororo wa futi 66, ambao ni mita 20.12, wenye viungo 100. Eka moja ni minyororo ya mraba 10, kwa hiyo eka tatu zinaweza kukaa kwenye kiwanja cha minyororo 5 kwa 6, yaani mita 100.6 kwa 120.7. Ukiona kwenye karatasi ya zamani urefu umeandikwa kwa tarakimu kama 5.25 bila jina la kipimo, usikimbilie kudhani ni inchi au ni mita. Huenda ni minyororo 5 na viungo 25, ambayo ni mita 105.6. Kwa futi za zamani na futi za leo, zilizosawazishwa kimataifa mwaka 1959, msigombane: tofauti yake ni kama milimita 9 katika kilomita nzima.

Mgombanisho mkubwa uko kwenye hatua. Inajulikana Tanzania nzima kwamba eka ni hatua 70 kwa 70. Maneno hayo ni sahihi kwa sharti moja, kwamba hatua iwe yadi nzima, yaani sentimita 91. Hatua hiyo ni ya kujinyoosha, si ya kutembea. Mtu akienda kwa hatua za kawaida za sentimita 75, hatua zake 70 ni mita 52 na nusu, na kiwanja chake ni mita za mraba 2,756. Hilo ni chini kidogo ya asilimia 70 ya eka. Anayenunua shamba Kizimkazi au Mkokotoni kwa hatua za muuzaji amekwisha kupoteza karibu theluthi kabla hajatia saini. Tembea na futi kamba ndefu, au kamba ya mita 50 uliyoipima mwenyewe, na utembee naye muuzaji ashike ncha ya pili. Kisha hatua ya kisheria, ya kuweka bikoni na kupata hati, ni ya mpima aliyeidhinishwa. Usiifanye wewe.

Kwenye viwanja vya mjini kosa ni jingine. Kiwanja cha futi 40 kwa 60 ni futi za mraba 2,400. Wapo wanaozidisha 2,400 kwa 0.3048, kwa kuwa ndiyo tarakimu ya futi moja, wakapata mita za mraba 732. Si kweli. Badili kila upande kwanza: mita 12.19 kwa 18.29, ndipo uzidishe, upate 223. Na inchi zisichanganywe na nukta: futi 5 na inchi 6 ni futi 5.5, si 5.6.

Anayekarabati nyumba ya Mji Mkongwe atakuta vyumba vyembamba na virefu, na sababu yake iko juu ya kichwa chake. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Tuseme chumba kina mikono 6, sawa na mita 2.74. Boriti lazima iingie ukutani pande zote mbili, walau shubiri moja kila upande, hivyo agiza mikono 7, mita 3.2, wala usiagize ya upana wa chumba ukadhani umebana matumizi. Boriti huuzwa kwa korja, na korja ni miti 20. Ukiamua kuweka mbao ya futi 12 badala yake, itabaki mkono mmoja kamili wa kukata. Lakini kabla ya kubadili boriti kwa mbao katika eneo la hifadhi, pata ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Pima pia kila chumba ncha zote mbili na katikati, maana kuta hizi za mawe na chokaa hazikujengwa kwa mistari iliyonyooka, na upana wa mlangoni hausemi lolote juu ya upana wa dirishani.

Kuhusu kiasi cha nukta za desimali, fuata kipimo kilikotoka. Kilichopimwa kwa mikono kiandike kwa karibu nusu mita. Kilichopimwa kwa mnyororo kiandike kwa sentimita kumi. Mtu akikwambia kisima kina pima 9, ukaandika mita 16.4592, umejipa uhakika ambao aliyepima hakuwa nao. Andika mita 16 na nusu, na pembeni yake uandike pima 9 kama ulivyoambiwa, ili atakayekuja baada yako aone asili yake.

La mwisho ni la simu na vifaa vya GPS, ambavyo siku hizi vimo kwenye mashua nyingi za Malindi na Nungwi. Fungua mipangilio uone kifaa kinaonesha masafa kwa maili zipi. Ikiwa unakilinganisha na ramani ya karatasi, tazama pia ramani imejengwa juu ya mfumo upi. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitumia mfumo wa Arc 1960, na GPS hutumia WGS 84, na baina yao kuna kama mita 300 za kaskazini na kusini, masafa ya kutosha kukupandisha mwambani. Kisha tazama jinsi kinavyoandika digrii. Mji Mkongwe uko karibu na digrii 6 na dakika 9.8 kusini. Kwa digrii za desimali hiyo ni 6.163. Mtu mwenye hofu, chombo kikiingia maji, anaweza kuisoma simuni kama "sita nukta sifuri tisa nane", na anayemsikiliza akaandika 6.098. Boti ya uokozi itakwenda kilomita 7 kaskazini ya alipo. Kwa hiyo mazoezi yafanyeni pwani, mchana, watu watulivu: soma "digrii sita, dakika tisa nukta nane, kusini", ukitaja kila jina la kipimo, na usikate simu mpaka mwenzio akurudishie maneno yale yale.